Kuchapa picha nyeusi na nyeupe kwa wino mbadala: mwongozo kwa studio za Lubumbashi

Picha nyingi za nyeusi na nyeupe zinazochapwa Lubumbashi hazina uhusiano na maonyesho ya sanaa. Ni mzee aliyefariki jana, na familia inataka sura yake ya ujana iwekwe mezani wakati wa kilio. Ni kapicha kadogo kenye kingo za meno-meno, babu kasimama mbele ya nyumba ya kambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, na kofia yake ya kazi, na kila mjukuu anataka nakala. Kazi hizi ndizo zinazofichua udhaifu wa wino. Kwenye picha ya rangi, ukijani kidogo uliozidi unajificha ndani ya kitambaa cha mtu. Kwenye nyeusi na nyeupe hauna pa kujificha. Mteja anashika karatasi, anaisogeza dirishani, anauliza: "Lakini papa, suti ya mzee ilikuwa nyeusi. Hii mbona inaenda kijani?"

Wino wa kampuni iliyotengeneza printa, ukipatikana hapa, umeshavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia na kila aliyeugusa njiani kaongeza chake kwenye bei. Ndiyo maana karibu sote tunatumia wino mbadala. Wino huo wenyewe si tatizo. Tatizo ni kuuchanganya: leo chupa ya duka hili, kesho ya duka lile, yote ndani ya printa moja inayochapa picha za pasipoti, mialiko ya harusi na picha za kilio. Tenga printa moja kwa nyeusi na nyeupe, chagua wino mmoja na karatasi moja, kisha upime. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufanya hivyo.

Printa

Tafuta printa ya Epson yenye matangi na rangi sita, kama L805 ya A4 au L1800 inayofika A3+. Zote mbili zinatoa tone dogo hadi pikolita 1.5, na udogo huo ndio unaokuruhusu kupata kijivu laini bila vinukta vinavyoonekana. Sababu nyingine ni kichwa chake. Epson husukuma wino kwa fuwele inayojikunja ikipata umeme, ilhali printa nyingi za HP na Canon huchemsha wino ili tone liruke. Kichwa kisichochemsha wino kinavumilia wino wa aina nyingi. Hasara yake ni kwamba kichwa hicho ni cha kudumu, hakitoki na katriji, na kikiziba kabisa umebaki na sanduku la plastiki.

Ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji achape ukurasa wa kupima matundu ya kichwa mbele yako. Mistari yote itoke mizima. Akisema "haichapi sababu wino umeisha tu", mwache na printa yake. Uliza pia kuhusu sponji ya chini inayopokea wino wa usafishaji: printa ina hesabu yake ya ndani, na hesabu ikijaa inagoma kabisa. Fundi anaweza kurudisha hesabu sifuri kwa programu, lakini sponji yenyewe inabaki imelowa. Mwambie autoe mpira wa wino mchafu nje na kuuelekeza kwenye chupa, kwa sababu utasafisha sana siku za mwanzo.

Kama printa bado ina dhamana, fahamu kwamba wino mbadala unaweza kuiua dhamana hiyo. Kwa mashine iliyokwishapita mikono mitatu, hilo si la kukunyima usingizi.

Wino: uujue kabla hujaumimina

Chupa zinaandikwa "Dye" au "Pigment". Kwenye aina ya kwanza rangi imeyeyuka ndani ya maji kama sukari ndani ya chai. Kwenye ya pili, chembe ndogo sana za rangi zinaelea bila kuyeyuka. Kwa nyeusi na nyeupe tofauti hiyo ni kubwa. Weusi wa kuyeyuka hutengenezwa kwa kuchanganya rangi kadhaa. Hewa na jua vikianza kuzila, moja inakufa kabla ya nyingine, na babu anageuka zambarau au kijani. Pigmenti nyeusi iliyo bora ni kaboni, yaani masizi yaliyosagwa laini kupita kiasi. Masizi hayana rangi ya pili ya kubaki nyuma.

Maandishi ya chupa si ya kuaminiwa moja kwa moja. Fanya jaribio hili, halikugharimu kitu. Kata ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, upana wa vidole viwili. Dondosha tone moja la wino sentimita mbili juu ya ncha, uache ukauke. Chovya ncha ndani ya maji bila tone lenyewe kuguswa na maji, uusimamishe ukanda, ukamshughulikie mteja mwingine kwa dakika kumi. Maji yatapanda. Wino wa kuyeyuka utapanda nayo na kujitenga: utaona buluu kule juu, zambarau katikati, pengine njano pembeni. Pigmenti itabaki pale pale ilipodondoka, nyeusi, maji yakiipita. Ukikuta chupa iliyoandikwa "Pigment" inapanda na maji, irudishe dukani pamoja na ule ukanda.

Jaribio hilo halikwambii kama mtengenezaji ameongeza pigmenti ya buluu ili weusi usionekane na joto. Kaboni tupu, kwenye karatasi nyingi, ina ukahawia kidogo. Wateja wetu wanaupenda, kwa sababu picha za zamani nazo zina joto hilo. Ukitaka kijivu baridi kabisa lazima kuwe na rangi iliyoongezwa, na hiyo ndiyo itakayofifia kwanza.

Kuna pia weusi wa karatasi isiyong'aa na weusi wa karatasi inayong'aa. Ule wa kwanza ukiuchapa kwenye karatasi ya kung'aa unakaa juu juu. Pitisha kidole kesho yake utatoka nao. Mimi nachagua weusi wa karatasi isiyong'aa bila kusita. Ni kweli kwamba weusi wake haufiki kina cha karatasi ya kung'aa. Kwa kipimo cha densiti, yaani kina cha weusi, isiyong'aa inaishia karibu 1.6 au 1.7 na ya kung'aa inapita 2. Lakini picha ya kilio inawekwa mezani chini ya taa, watu wakiizunguka kutoka kila upande, na kwenye karatasi ya kung'aa nusu yao wataona taa, sura ya marehemu hawataiona.

Njia mbili, chagua moja

Njia fupi ni weusi peke yake. Unaweka wino wa kaboni ndani ya tangi jeusi tu, na printa inachapa kijivu chote kwa kuweka vinukta vyeusi mbali mbali au karibu karibu. Gharama yake ni chupa moja. Kasoro yake inaonekana sehemu zenye mwanga mwingi: shati jeupe, anga, shela ya bibi harusi, ambako ukisogeza jicho utaona chembe chembe. Kwa picha ya A4 inayotazamwa kutoka hatua moja, hakuna atakayelalamika.

Njia ndefu ni kujaza matangi yote kijivu cha viwango tofauti, kuanzia nyeusi hadi kijivu kinachokaribia maji. Jon Cone, wa jimbo la Vermont huko Marekani, aliijengea njia hii mfumo mzima uitwao Piezography, ambao toleo lake moja lina ngazi saba za kijivu. Paul Roark, mpiga picha wa California, alikwenda upande mwingine: alitoa hadharani fomula zake za kuzimua wino mmoja wa kaboni kwa maji yaliyotoneshwa (ya mvuke uliopozwa), gliserini na dawa kidogo ya kulainisha mtiririko, ili mtu mwenye chupa moja nyeusi ajitengenezee kijivu chake. Njia hii inahitaji programu inayojua kila tangi lina kijivu gani. Inayotumika zaidi ni QuadTone RIP ya Roy Harrington. Angalia kwanza kama printa yako imo kwenye orodha yake, maana si kila modeli ya matangi inakubaliwa. Bila programu hiyo usijaze kijivu kwenye matangi ya rangi: printa itadhani ina samawati na magenta, na itakupa matope.

Ushauri wangu: anza na njia fupi. Ukipata maagizo ya maonyesho, au mtu wa jamii ya wasanii wanaozunguka Biennale, yale maonyesho ya sanaa ya Lubumbashi, akakuletea kazi, hapo ndipo ufikirie ya pili. Kuanzia hapa ninaeleza ile fupi.

Kuosha na kujaza

Wino wa kuyeyuka na pigmenti visikutane ndani ya tangi wala bomba moja. Vinaweza kugandana kama uji, na uji huo ukifika kichwani kazi imekwisha. Kwa hiyo nyonya wino wote wa zamani wa tangi jeusi kwa sirinji yenye bomba, jaza dawa ya kuoshea vichwa vya printa, kisha endesha usafishaji mpaka mistari myeusi ya ukurasa wa kupima itoke haina rangi kabisa. Modeli nyingi za Epson za matangi zina usafishaji mkubwa unaobadilisha wino wote wa mabomba kwa mkupuo. Huo unakula wino mwingi wa matangi yote, na usiuanze tangi lolote likiwa chini ya theluthi, maana utavuta hewa.

Ukikosa dawa, tumia maji yaliyotoneshwa. Hapa mjini yanapatikana kwa mafundi wa betri, lakini uliza vizuri: wanauza maji, na wanauza asidi, na chupa zinafanana. Maji ya bomba na ya kisima usiyaguse. Tazama ukoko mweupe uliomo ndani ya birika lako la chai, ujiulize kama unautaka ndani ya tundu ambalo jicho lako haliwezi hata kuliona.

Matangi ya rangi usiyaache tupu, hewa itakausha kichwa. Mimi napenda yaoshwe nayo na kujazwa dawa ya kusafishia. Printa ikijaribu kupenyeza rangi kwa siri, itapenyeza kitu kisichoonekana.

Sasa wino. Pigmenti hutuama chini ya chupa, kwa hiyo itikise taratibu, kichwa chini kichwa juu, kwa dakika moja hivi. Usiikukute kama unachanganya rangi ya ukuta, utaijaza mapovu. Iache itulie, jaza, funga, lala. Asubuhi ndipo uchape ukurasa wa kupima. Wanaopima papo hapo huona mistari imekatika, wanasafisha tena na tena, na wanamwaga wino kwa sababu ya povu ambalo lingeondoka lenyewe.

Kwenye mipangilio ya printa weka alama ya kijivu, na uchague karatasi ya kawaida au isiyong'aa. Ukichagua karatasi ya picha ya kung'aa, printa nyingi za rangi sita zitachanganya rangi zote hata kama umeziambia kijivu. Thibitisha kwa lenzi ya kukuza, ile ya fundi wa saa inatosha: unatakiwa uone vinukta vyeusi tu.

Kupima: hapa usiwe na haraka

Hatua hii ndiyo wengi wanayoiruka. Tengeneza kwenye GIMP, programu ya bure ya kurekebisha picha, ukanda wenye vyumba 21 vya kijivu, kuanzia 0% hadi 100%, kila chumba kikizidi kingine kwa 5%. Uchape kwenye karatasi utakayotumia kazini. Uache siku nzima ukauke, kwa sababu weusi wa karatasi isiyong'aa hubadilika ukikauka.

Kisha utazame dirishani. Karibu kila mara utakuta vyumba vya mwisho vimeungana: 85, 90, 95 na 100 vyote ni weusi mmoja. Kwa mpiga picha wa theluji huko Ulaya labda hilo ni dogo. Kwetu sivyo. Ngozi ya watu tunaowapiga picha iko kati ya 55% na 85%, na suti ya mzee iko juu yake tu. Vyumba hivyo vikiungana, shavu linaungana na sikio, nywele zinaungana na ukuta wa nyuma, na kola ya koti inapotea kifuani. Familia haitasema "toni zimeziba". Itasema "huyu hafanani na papa". Kwa hiyo unaporekebisha, tetea kwanza eneo la giza. Mashati meupe yatasubiri.

Ukikuta 90% ni nyeusi kuliko 100%, wino unaomwagwa umezidi uwezo wa karatasi. Badilisha aina ya karatasi kwenye mipangilio, jaribu inayotoa wino kidogo.

Ili kurekebisha, skani ukanda huo ukiwa umezima marekebisho yote ya moja kwa moja ya skana, ufungue kwenye GIMP na usome namba ya kila chumba. Tuseme karatasi tupu inasoma 240 na weusi wa mwisho 40. Tofauti ni 200, na kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho kuna hatua 20, kwa hiyo kila hatua ingeshuka kwa 10 hivi. Chumba cha 70% kingetakiwa kisome karibu 100. Kama kinasoma 65, kimezidi giza. Fungua kifaa cha mikunjo (Curves), uinue sehemu hiyo ya mstari kidogo, uchape ukanda upya, usome tena. Baada ya mizunguko michache vyumba vitaachana. Si lazima namba zilingane kama za benki. La muhimu ni kila chumba kitofautiane na jirani yake, hasa kati ya 55 na 95. Hifadhi mkunjo huo kwa jina la wino na la karatasi. Kila picha itapita ndani yake mwishoni kabisa, baada ya kuitengeneza.

Picha ya zamani yenyewe iskani kwa 600 dpi (nukta kwa inchi) kama ni ndogo, kwa kijivu cha biti 16 kama skana inaruhusu. Uchapaji wa nukta 300 hadi 360 kwa inchi unatosha.

Karatasi

Kwa kuanzia, karatasi ya inkjet isiyong'aa yenye tabaka, ile ya gramu 100 na kitu, inatosha. Karatasi ya pamba ni nzuri mno, na bei yake ni nzuri kwa muuzaji. Epuka zinazong'ara weupe wa buluu chini ya taa za disko: weupe huo ni dawa, inachoka kwa mwanga, na karatasi inarudi kwenye unjano wake. Miezi ya mvua weka pakiti ndani ya mfuko uliofungwa, kwani karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja pembeni na kukwaruzwa na kichwa.

Jaribio la dirisha

Chapa ukanda mmoja wa ziada, funika nusu kwa kadi nene, ubandike kwenye kioo cha dirisha. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi kama 11 na nusu, kwa hiyo wakati wa kiangazi jua letu liko upande wa kaskazini. Chagua dirisha linalotazama huko. Bandika pembeni yake ukanda wa wino wa kuyeyuka wa bei ya chini. Uache miezi mitatu. Ukifunua kadi, mpaka kati ya nusu mbili utakuonyesha kila kitu, na ukanda huo ukiuning'iniza ukutani utakuokoa maelezo mengi kwa mteja anayeuliza kwa nini jirani anachapa kwa nusu ya bei yako.

Kiangazi na umeme

Kuanzia Mei hadi Septemba hewa inakauka na vumbi jekundu linaingia hata kwenye droo. Pigmenti inapenda kukauka kichwani. Chapa kitu kidogo kila baada ya siku mbili tatu, hata kama ni mstari mmoja mweusi. Funika printa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na weka bakuli la maji kando yake.

Printa uizime kwa kitufe chake, usichomoe waya. Ukiizima kwa kitufe, kichwa kinarudi kwenye kifuniko chenye unyevu. Umeme ukikatika katikati ya ukurasa kinabaki wazi, kikinyonywa na hewa kavu, na saa chache za Agosti zinatosha kukiziba. UPS ndogo, yaani betri ya dharura, inayokupa dakika tano za kumaliza ukurasa na kuzima ni rahisi kuliko kichwa. Kama huna, umeme ukirudi washa printa kabla ya kuwasha kompyuta au redio.

Ikiziba, safisha mara mbili, tatu ikizidi, kisha uiache usiku kucha. Wino uliokauka unahitaji muda wa kulainika. Kusafisha mara kumi mfululizo kunajaza sponji tu.

Kabla ya kumkabidhi mteja

Picha isiende kwenye fremu siku ileile. Weka karatasi nyeupe za kawaida juu yake usiku mmoja zinyonye unyevu uliobaki, la sivyo utaona ukungu ndani ya kioo. Acha nafasi kati ya kioo na picha kwa kadi ya pembeni. Wa kilio wana haraka, najua. Hao wape bila kioo, waambie warudi nayo baada ya matanga uwawekee.

Andika kwenye chupa tarehe ulipoifungua, na uihifadhi mbali na jua na paa la bati. Chupa iliyofunguliwa jitahidi iishe ndani ya miezi sita. Ukinunua mpya, hata kama lebo ni ileile na muuzaji ni yuleyule, chapa tena ukanda wa vyumba 21 na uulinganishe na wa zamani kabla ya kugusa picha ya mtu.